Kutoka Ihanda Hadi Maji ya Nyasa

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani katika sherehe za maadhimisho



Kamati imetuomba tuseme kwa Kiswahili, na imetuomba vyema. Nusu ya walioketi hapa leo ni majirani ambao wamekuwa wakitulindia viatu mlangoni, wakituletea maua ya Diwali na kutuzika tunapofiwa, na haingependeza tuwaalike karamuni kisha tuzungumze lugha wasiyoisikia. Zaidi ya hayo, wajukuu wetu wengine wanaotoka ng'ambo hawasikii tena Kigujarati wala Kiswahili. Hao watasimuliwa na wazazi wao.

Tumepewa kusema juu ya mandhari ya nchi yetu hii ya kusini magharibi na miji yake ya kupumzikia. Kilichoiamsha Kamati ni swali ambalo kila mwaka twaulizwa na wageni wetu. Hutua kwa ndege katika uwanja wa Songwe, ambao tangu mwaka 2012 umetuondolea adha ya kusafiri siku nzima kutoka Dar es Salaam, hulala siku mbili, hula, husalimu wazee, kisha huuliza kwa adabu, “Je, hapa kwenu kuna kitu cha kuona?” Kabla hatujajibu wamekwisha kata tiketi ya kwenda Serengeti au Unguja. Hatuwalaumu, kwa maana Serengeti ni Serengeti. Lakini mtu aliyezaliwa hapa na ambaye mama yake alizaliwa hapa, akipita juu ya Rungwe kwa ndege huku amelala usingizi, hilo latuuma.

Basi tuanze nyumbani kwetu, Ihanda.

Wengi wenu mmepita Ihanda pasipo kujua kwamba mmepita. Ipo katika Wilaya ya Mbozi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, baada ya kuiacha Vwawa na kabla ya kufika Tunduma. Dereva wa lori huiona kwa dakika chache tu, naye macho yake yako kwenye lori la mbele. Sisi tulikulia pale, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye duka mbele na ua nyuma, na hadi leo tukifumba macho twaweza kusema ni saa ngapi kwa harufu tu: asubuhi moshi wa kuni mbichi, mchana vumbi, jioni mahindi ya kuchoma.

Babu yetu mzaa baba aliondoka Kathiawar akiwa kijana, akashuka Dar es Salaam, akapanda nchi ya juu wakati ambapo watu walikuwa wakikimbilia dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Dhahabu hakuichimba hata gramu moja. Aliuza majembe, chumvi, mafuta ya taa na sukari guru, na hatimaye akajikuta Mbozi, ambako watu walikuwa wakulima na walilipa deni baada ya mavuno. Katika nyumba yetu babu huyu aliitwa “dada”, kama ilivyo desturi ya Wagujarati. Mwaweza kufikiri jinsi majirani zetu Wanyiha walivyostaajabu kumsikia mtoto akisema, “Dada ananyoa ndevu.” Mwishowe kijiji kizima kikamwita Mzee Dada, na jina hilo alizikwa nalo, ingawa sisi hatuziki bali huchoma.

Jambo ambalo mzee huyo hakuacha kulisema ni kwamba nchi ile ilimkumbusha Girnar, mlima mtakatifu ulio karibu na Junagadh, wenye ngazi zipatazo 10,000. Sisi tulipokwenda Girnar tukiwa watu wazima tulitazama huku na huku tukitafuta kinachofanana na Mbozi, hatukukiona. Girnar ni mwamba mkavu unaosimama peke yake juu ya uwanda. Mbozi ni nchi ya mawimbi: kilima, bonde, kilima, na udongo wake ni mwekundu kama kungumanga iliyokwaruzwa. Twadhani mzee alichokifananisha si umbo bali ule upepo unaompiga mtu usoni afikapo juu.

Lakini uzuri wa Ihanda, na wa Mbozi yote, ni kahawa. Mvua za kwanza zikianguka mwishoni mwa mwaka, mibuni huchanua kwa pamoja. Maua ni meupe, madogo, yamejipanga juu ya matawi kama uzi wa shada la hekaluni, na harufu yake ni ndugu wa asumini. Hukaa siku chache tu, kisha hunyauka na kuwa rangi ya chai. Mgeni akifika wiki moja baadaye, haoni kitu. Kwa hiyo wale wanaotuuliza ni lini waje, twawajibu: njooni baada ya Diwali, na mkae, kwa maana ua la mbuni halitangazi tarehe yake. Anayependa kujua zaidi aende kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, hapo hapo Mbozi, ambako aina mpya za mibuni zinazostahimili magonjwa huoteshwa na kugawiwa wakulima. Sisi twaona bustani ile ya miche yapendeza kuliko bustani nyingi za hoteli.

Jambo la pili la Ihanda ni njia. Sisi tumekua tukiona njia zikizaliwa. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake wa walowezi mwezi Novemba 1965, Zambia ilinyimwa njia ya kusini, na shaba yake na mafuta yake vikaanza kupita mbele ya duka letu kwa malori, kwenye barabara ya udongo ambayo masika iliwameza wote, dereva na tingo. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA. Kisha lami. Kisha reli. Wachina walipopita walivaa kofia pana za ukili, na kandokando ya kambi zao wakalima mboga ambazo mama zetu hawakuzijua majina. Mwaka 1973 reli ikafika Tunduma na kuvuka mpaka, na mwaka 1976 TAZARA yote, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa wenyewe. Kwa mtoto wa Ihanda, hiyo ilikuwa sinema isiyolipiwa kiingilio. Na hadi leo twashikilia kwamba anayetaka kuiona Tanzania vizuri asipande ndege, apande treni hiyo, aketi dirishani, avumilie kuchelewa kwake. Kuchelewa kumekuwa sehemu ya mandhari.

Sasa tusogee hadi Ndolezi, kwenye Kimondo.

Tumesikia vijana wakisema, “Ni jiwe tu.” Si jiwe. Ni pande la chuma lililotoka mbinguni, chuma asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 9, lenye urefu unaozidi mita 3. Vitabu vya zamani viliandika kwamba uzito wake ni tani 25. Hesabu za baadaye zikasema tani 16 hivi. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa zaidi vilivyopata kuonekana duniani, ingawa kile cha Hoba huko Namibia, chenye tani zipatazo 60, ndicho baba yao. Kwenye maandishi twasoma kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott. Wanyiha waliokuwa wakichunga mbuzi pale hucheka waambiwapo hivyo, nasi hucheka pamoja nao. Bwana Nott aliandika barua; hilo ndilo alilolifanya, na si dogo.

Wakati huo sehemu ndogo tu ilichomoza juu ya ardhi ya mlima Marengi. Udongo wa ubavuni ukachimbwa kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, na nguzo hiyo ikajengewa msingi wa zege. Ndiyo maana mgeni wa leo hukikuta kimekaa kama sanamu juu ya kiti chake. Tazameni kona yake moja: kuna kovu, mahali palipokatwa kipande kwa ajili ya uchunguzi. Mgongo wake umejaa vishimo, kama chapati iliyobonyezwa kwa vidole. Hakuna shimo kubwa la kuangukia lililobaki, wala wenyeji hawana masimulizi ya siku kilipoanguka, na hivyo wataalamu huamini kilishuka kabla hakujawa na mtu wa kusimulia, au zamani mno hata masimulizi yakafa.

Tangu mwaka 1967 Kimondo kinalindwa kisheria, na miaka ya karibuni kimewekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo imefanya pale pawe mahali pa kupokelea watu. Tarehe 30 Juni, Siku ya Vimondo Duniani, pamekuwa pakifanyika sherehe. Tulikwenda safari ya kwanza tukiwa darasa la nne, nyuma ya pikapu ya baba, tumebeba thepla na achari ya embe. Hapakuwa na uzio wala lango, tulipanda juu ya mgongo wake tukateleza. Leo hairuhusiwi, na ni vizuri isiruhusiwe. Ila bibi yetu, tuliyemwita Ba, siku ile alifanya jambo ambalo hatujalisahau. Alivua kandambili, akaweka kiganja juu ya chuma, akakaa kimya kitambo kirefu. Tulipomuuliza anaomba nini, alisema haombi, anasikiliza baridi yake. Jua lilikuwa la saa saba mchana.

Kuhusu Tunduma hatutasema mengi, maana twafanyia biashara pale na mfanyabiashara hasifu soko lake asije akaongezewa kodi. Hakuna atakayeiita Tunduma mji wa kupumzika. Malori hupanga foleni, kelele ni za usiku na mchana, na mtaa mmoja waweza kununua kwa shilingi upande huu na kwa kwacha ng'ambo ya pili, huko Nakonde. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa mwaka 2019, kimepunguza msongamano, hakikuumaliza. Hata hivyo tumewapeleka pale wageni wengi, na walipoondoka, walichokisimulia zaidi kilikuwa Tunduma: mama muuza vitumbua anayehesabu fedha za nchi mbili bila kikokotoo, na madereva wa Kongo, Zambia, Malawi na Bara letu wakigombana kwa Kiswahili kimoja. Anayependa watu kuliko milima aanzie hapo.

Kwa upande wa kaskazini, nchi huporomoka ghafla kuelekea Bonde la Ufa na Ziwa Rukwa. Kamsamba, mto Momba, mashamba ya mpunga, joto linalomvua mtu sweta alilovaa asubuhi Vwawa. Rukwa ni ziwa la ajabu: maji huingia lakini hayana pa kutokea, kina chake ni kifupi, na miaka hupanuka au kusinyaa kadiri mvua zipendavyo. Mamba wapo, na hatuwashauri watoto wakaogelee. Tangu daraja la Momba lijengwe, waweza kuvuka hadi Mkoa wa Rukwa bila kumwomba mtu mtumbwi. Ileje nayo, kusini, twaitaja kwa haki yake tu: milima ya kijani kibichi juu ya mto Songwe, na Malawi ng'ambo. Barabara ya lami ya kutoka Mpemba hadi Isongole imewatoa wenyeji wa huko katika kifungo cha matope. Tumekwenda mara mbili, tukanyeshewa mara mbili.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Kwa serikali mpaka upo. Kwa moyo wetu haupo, na kwa hiyo mtusamehe tukiuvuka kwenda Rungwe.

Katika utoto wetu, mavuno ya kahawa yalipokwisha na madeni yamelipwa, baba alifunga duka kwa siku sita. Siku sita katika mwaka mzima. Tulipanda gari, watoto tisa na masufuria, tukapitia Mbeya kununua mkate, tukageuka Uyole kuifuata barabara ya Tukuyu. Hapo nchi hubadilika kama pazia la jukwaani. Udongo mwekundu huisha, huja mweusi wa volkano. Migomba, viazi, kisha chai iliyokatwa sawasawa kama zulia. Na mvua. Tukuyu ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi kabisa Tanzania, na twaamini nusu yake ilianguka juu yetu.

Kituo cha kwanza kilikuwa Ziwa Ngozi, ambalo limekaa ndani ya kasoko katika milima ya Poroto. Hakuna gari liendalo pale. Ni kutembea ndani ya msitu mnene, mwisho wake mlima wa kushikilia mizizi, na ghafla miti inakwisha na chini yako kabisa kuna maji ya kijani, urefu wake kilometa mbili na nusu, yaliyotulia kama hayakuumbwa na mkono wa mtu, na hakika hayakuumbwa. Wenyeji husimulia mengi juu ya ziwa hilo, zikiwemo hazina za Wajerumani. Baba alikuwa mtu wa hesabu. Alisema Mjerumani mwenye akili asingepanda mlima ule na sanduku.

Kisha Daraja la Mungu, juu ya mto Kiwira. Wataalamu wa miamba hueleza kwamba volkano ilimwaga uji wake wa moto, uji ukapoa, na mto ukajipenyeza chini yake, likabaki daraja la mwamba ambalo mtu hakuliweka hata kokoto. Si mbali na hapo kuna Kijungu, chungu kidogo kilichochongwa na mto uo huo katika mwamba, maji yakizunguka ndani yake kwa hasira. Njia ya kufika hupita katika eneo la chuo cha Magereza, na sisi watoto tulipenda sana kusema shuleni kwamba likizo tulikwenda gerezani.

Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Kutoka hapo mlima Rungwe, mita 2,960, waonekana pale mawingu yanapokubali. Katika misitu yake na ile ya jirani yake Livingstone, watafiti walimwona mwaka 2003 nyani mdogo ambaye sayansi haikumjua, kipunji. Wawindaji wa pale walimjua siku zote, kama vile Wanyiha na Kimondo. Mnaona jinsi mambo yanavyojirudia.

Lakini mwisho wa safari yetu, na mahali ambapo baba alivua viatu na kukunja suruali, palikuwa Matema. Mtu hushuka kutoka baridi ya Tukuyu, hupita Kyela katikati ya kakao na mpunga ule unaonukia sufuriani, na hufika mwisho wa nchi, pale milima ya Livingstone inapoingia moja kwa moja ndani ya Ziwa Nyasa bila kuaga. Mchanga ni mweupe. Maji ni matamu, hayana chumvi, na wenzetu wa pwani hawaamini wakiambiwa kwamba yana mawimbi. Ba alipoingia majini mara ya kwanza, na sari yake yote, alichota maji kwa viganja viwili na kuyamimina kuelekea jua, kama alivyofanya mtoni kwao Kathiawar. Wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu wakasimama wakavua kofia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Siku ya Jumamosi tulikwenda Lyulilo kwenye soko la vyungu. Hufinyangwa na akina mama Wakisi wa Ikombe, huletwa kwa mitumbwi vimepangwa na kufungwa kwa nyasi, rangi ya krimu na michoro ya udongo mwekundu. Mama yetu alinunua kila mwaka chungu kimoja cha kugandishia maziwa, na kila mwaka kimoja kilivunjika kwenye matuta kabla ya kufika Ihanda. Vyungu hivyo vimesambaa sasa hadi mahoteli ya Dar es Salaam, kwa bei ambayo mama angeifanyia kesi.

Kwenye Kitulo tulifika ukubwani. Ni uwanda wa juu, wa baridi, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa kwa sababu ya maua yake. Hakuna simba, hakuna tembo. Kuna okidi za aina 45, na katika miezi ya mvua uwanda mzima ni rangi. Hapa twaomba kusema jambo ambalo sisi wa Tunduma tunalijua kuliko watalii. Ng'ambo ya mpaka kuna chakula kiitwacho chikanda, hutengenezwa kwa viazi vya okidi vilivyopondwa pamoja na karanga, nacho ni kitamu, tumekionja, hakina nyama. Okidi za Zambia zilipopungua, wachimbaji walipanda kwenye nyanda zetu za juu, na magunia yakawa yakishuka kuelekea Tunduma. Kiazi kimoja ni ua moja lisilochanua tena. Hifadhi imewekwa, lakini gunia halisemi limetoka wapi. Wafanyabiashara wenzetu mlioketi hapa, mnajua tunazungumza juu ya nini, nasi hatutamtaja mtu: atakayeletewa magunia hayo ayakatae, hata kama jirani yake atayapokea.

Na sasa jambo la nyumbani, ambalo Mwenyekiti ametuachia tuliseme.

Kiwanja chetu cha Ihanda bado kipo. Mwaka 1971, majengo ya kupangisha yalipotaifishwa, jengo letu halikufikia thamani ya shilingi 100,000 iliyowekwa, likaachwa. Ndugu zetu wengi waliondoka miaka ile, wakaenda Leicester na kwingineko, na jengo likabaki na sisi wachache. Duka lilifungwa tulipohamia Tunduma. Paa bado ni zima. Nyuma kuna mibuni ya babu, na mwembe ambao chini yake wazee watatu wa kijiji wangali wakicheza bao kila alasiri; kwao, ule ndio ua wa Mzee Dada.

Mwaka huu amekuja mnunuzi. Ataka kusawazisha kila kitu na kufanya maegesho ya malori, na bei aliyoitaja ni nzuri. Tukiwa wafanyabiashara hatuwezi kusema si nzuri. Familia imegawanyika. Wenye hisa ni kumi na mmoja, saba wako ng'ambo, na kati ya hao saba, watano hawajapata kuiona Ihanda kwa macho yao. Wamekwisha kutuandikia kwamba tuuze. Hatuwalaumu hao nao, kwa sababu kwao ni mstari tu kwenye karatasi. Sisi tuliobaki twataka jengo litengenezwe liwe nyumba ya wageni yenye vyumba sita: mtu aendaye Kimondo apate pa kulala na chai, mtu ashukaye kwenye treni Vwawa apate pa kufikia, na vijana wa Ihanda waliosoma wapate kazi ya kuongoza wageni kwenye mibuni, badala ya kazi pekee ya kupakua malori. Fedha yake haitarudi haraka. Tumepiga hesabu mara tatu na kila mara imetupa jibu lile lile, na bado twaitaka.

Uamuzi ni mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo tumewaandikia wenye hisa wote, na kupitia chapisho hili twawaandikia tena: hatuwaombi mkatae kutia sahihi. Twawaomba mje kwanza. Tiketi za ndege kutoka Dar es Salaam hadi Songwe tutalipa sisi. Mkiisha kuona, mkaketi chini ya ule mwembe na wazee wale wakawauliza ninyi ni watoto wa nani, basi kura yenu, iwe vyovyote, tutaiheshimu.

Nanyi mlio hapa, Kamati imekubali kwamba safari ya hekalu mwaka huu isiwe Dar es Salaam bali iwe huku. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwaka mpya wetu, na majirani wamealikwa pamoja na watoto wao. Basi litaondoka mara baada ya arati ya asubuhi, saa moja kamili na si saa moja ya Kihindi. Tutapita Mlowo, tutakwenda Ndolezi kuona Kimondo, chakula cha mchana kitakuwa Ihanda uani kwetu, bila nyama, ila akina mama wa kijiji wameahidi maharage na sisi tumeahidi kachori. Asiyewahi kuona mbuni uliochanua aombe mvua zisichelewe. Majina yaandikwe kwa katibu leo, nauli hailipwi, na kila mtu aje na sweta lake, kwa maana yale tuliyowaazima mwaka juzi hayajarudi.